Mraba wa Kumi na Saba

Tulifunga kamba kwenye vigingi vinne,
hatua kumi kwa kumi, Tondooni, nyuma ya ufukwe,
na Mize Faki akainama kama aliyeangusha sindano.
"Andika," akasema. Nikaandika:
mtondoo, mmoja, umeinamia maji;
mdaa, mwingi;
mlapaa, kiasi;
ukoka, haukosi.

Haukosi. Makangale upo, Konde upo,
uwanja wa skuli upo, makaburini upo.
"Uandike," kasema Mize, "ila usiuamini.
Anayekula kila harusi
hawezi kukwambia bwana harusi wa jana alikuwa nani."

Siku ya pili tuliingia matopeni.
Huko hakuna ubishi: mlilana mbele,
mkoko nyuma yake kwa miguu yake mingi,
kisha mkandaa, kisha mchu ukingoni,
kila mmoja na kiasi chake cha chumvi.
Nililamba jani la mchu.
Ulimi ukanijibu kabla ya daftari.

Siku ya tatu, uwanda. Mawe yalikula viatu vyangu,
nikahesabu miti mifupi huku nimeketi, soli mkononi.

Ndani ya Ngezi ndiko nilikojifunza neno lenyewe.
Mvule umesimama pale, shingo hainyooki kuutazama,
nikasema: basi msitu huu tuuite kwa jina la mvule.
Mize akakataa.
Mvule huachwa hata shambani, watu huuheshimu,
hukaa popote unapopewa salamu.
Akanishika mkono hadi kwenye mpapindi,
shina jembamba, pete juu ya pete.
Katika miraba sita tuliuona kwenye minne tu.
Nje ya hiyo sita, hata mmoja.
"Si mwingi," kasema. "Mwaminifu."

Usiku, Konde, tukakata jedwali kwa wembe,
kila mmea utepe wake wa karatasi,
tukazitandaza mkekani na feni tukaizima.
Mdaa, shuka. Mpapindi, panda, kaa na wenzio.
Mkandaa, rudi kwenu.
Mpaka alama za kalamu zikaanza kukusanyana pembeni
kama watu wa mtaa mmoja msibani:
hapa kundi, pale kundi, katikati weupe.
Nikawaza: Mkwajuni, Mfenesini, Mwembetanga.
Nani alisema elimu hii imeletwa na meli?

Umeme ukakatika. Tukaendelea kwa tochi ya simu.

Safu moja ilikataa.
Mraba wa kumi na saba: mpapindi umo, sawa,
na mvule mchanga, na mitambaazi ya msituni,
lakini pia mlimau uliozeeka, una miba mirefu kama kidole,
na mkadi,
na mlangilangi unaotafuta jua kwa shingo ndefu.
Mize aliusogeza kulia, akausogeza kushoto.
"Hauna kwao huu," akasema.

Miye nilinyamaza.
Mama hutaja nyumba ya bibi yake, "kule malimauni,"
akielekeza kidevu upande wa msitu,
na hakuna aliyewahi kutupeleka.
Msitu hurudi, hilo najua. Huanza na majani, humaliza na paa.
Lakini mtu naye hupanda vyake,
na mkadi hauoti pahala pale kwa bahati,
mtu aliutaka kitandani.

"Andika: palikaliwa," nikamwambia.
Akaandika kwa penseli, si kwa wino.

Kesho yake nilirudi peke yangu, bila kamba.
Nikachuma limau moja, ganda gumu, jeusi upande mmoja.
Halikuwemo kwenye orodha yoyote.

Mama alilikata jikoni, akalinusa muda mrefu,
maji yakimchirizika hadi kiwikoni.
Hakuuliza nimelitoa wapi.
Aliuliza, bila kugeuka:
"Imebaki mingapi?"